Ziara Sita kwa Mama Kabula

Nianze na kosa langu, maana nikianza na sifa zake nitaonekana mwanafunzi mwema anayemkumbuka mwalimu wake, na mimi si huyo. Nilimdanganya mara moja tu, kwa maandishi, kurasa ishirini na mbili. Uongo ule ulimtenganisha mama mmoja na mtoto wake, kisha ukamwondolea Mkufunzi kazi aliyoipenda kuliko kula. Ikapita karibu miaka kumi ambayo ningeweza kumwambia ukweli siku yoyote. Hizi ni habari zake, lakini msomaji anivumilie nikijitokeza mara kwa mara, kwa sababu siwezi kumtaja bila kuona aibu.

Alikuwa anafundisha saikolojia katika chuo chetu cha ualimu, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, miaka ya sabini. Wakufunzi walikuwa wengi pale, lakini ukisema Mkufunzi, kila mtu alijua unamsema yeye. Mama mfupi, mnene kiasi, gauni la kitenge, raba miguuni, na baiskeli kubwa ya kiume aliyoipanda baada ya kukunja gauni na kulibana kwa pini mbili. Wanakijiji walishazoea kumwona. Wageni waligeuka kumtazama mpaka wakajikwaa.

Darasani alipiga marufuku maneno matatu: mvivu, mkaidi na mjinga. Ukisema "yule mtoto ni mkaidi", ulisimama, na hukai mpaka utaje mambo matatu uliyoyaona kwa macho yako. "Usiniambie yukoje," alikuwa anasema. "Niambie alifanya nini, saa ngapi, mbele ya nani." Siku za kwanza tulisimama nusu ya darasa. Mwenzetu mmoja alisimama vipindi viwili mfululizo kwa sababu ya kumwita mdogo wake mvivu, na mwishowe akakiri kwamba kijana mwenyewe hajamwona tangu mwaka juzi.

Fundisho lake kubwa lilikuwa la vigoda vinne. Alivileta mwenyewe, amevifunga nyuma ya baiskeli, akavipanga mbele ya ubao. Kila kigoda kilikuwa namna moja ya kueleza kwa nini mtu anafanya anachofanya. Alikuwa anatupa tukio moja, na mwanafunzi alikaa kwenye kila kigoda kwa zamu na kulieleza upya. Ukiwa kigoda cha kwanza hukuruhusiwa kusema maneno ya kigoda cha pili.

Kigoda cha kwanza kilikuwa cha mazoea. Wataalamu wake wanasema tuache kubahatisha yaliyo moyoni mwa mtu, tutazame analofanya na anachopata baada ya kulifanya. Vitabu vilieleza habari za mbwa na kengele huko Urusi. Yeye alitutoa nje akatupeleka kwa jirani wa chuo, mzee mfugaji, akamwomba agonge debe la magadi. Ng'ombe waliokuwa mbali kule mbugani wakainua vichwa, wakaja mbio. Debe halikuwa na kitu. "Mmeona?" akasema. "Sasa mjiulize nyinyi mnakimbilia debe gani."

Cha pili kilikuwa cha yaliyozikwa. Hicho ndicho tulichokipenda. Kilitokana na yule daktari wa Ulaya aliyewalaza wagonjwa wake kwenye kochi na kuwaacha waseme lolote, akiamini kwamba mambo ya utotoni hayafi, yanazama tu, na huko chini yanaendelea kumsukuma mtu bila yeye kujua. Ukikaa pale unaweza kusema chochote kuhusu mama wa mtu na hakuna wa kukubishia. Cha tatu kilikuwa cha akili inavyopanga mambo: mtoto hapokei tu kama debe, anajitengenezea maana, na maana yake si ya mtu mzima. Kwa hicho aliita watoto wa shule ya mazoezi, akamimina maji ya kikombe ndani ya chupa nyembamba mbele yao. Wadogo wakaapa kwamba maji yameongezeka. Tulicheka, naye akatukemea, akasema wale watoto hawajakosea, wamefikiri. Cha nne kilikuwa cha utu: mtu ana njaa ya chakula, ya usalama, ya kupendwa, ya kuheshimiwa, na asiposhiba za chini hawezi kunyanyuka.

Mkufunzi wa siasa hakuvipenda vigoda vile. Alimwuliza mbele yetu, "Sasa hao wazungu wanne wanamjua Msukuma?"

"Hawamjui," Mkufunzi akajibu. "Ndiyo maana wako wanne. Angekuwa anajua mmoja, nisingesumbuka kubeba vingine."

Nilikuwa hodari wa vigoda. Nisijifanye mnyenyekevu, nilikuwa hodari kuliko wote, na ndiyo iliyoniponza. Wakati fulani ugali wa chuo ulikuwa mbichi kila Ijumaa. Mkufunzi akatupa tukio hilo tulieleze. Nilipofika kigoda cha pili nilieleza jinsi mpishi anavyomchukia mkuu wa chuo tangu alipomfokea siku ya Ijumaa, na jinsi chuki ile iliyozikwa inavyotokea mikononi mwake siku ile ile ya juma. Darasa lilipiga makofi, na hata mimi nilijiamini. Mkufunzi akanishukuru, akatoka, akaenda jikoni kwa miguu yake. Alirudi baada ya robo saa. Kuni zilikuwa zinaletwa Alhamisi jioni, mbichi.

"Maelezo yako yalikuwa mazuri sana," akaniambia. "Ila hukwenda jikoni." Darasa lilicheka, nami nikacheka nao. Sikujifunza kitu.

Asidhaniwe alikuwa malaika. Alifundisha kwamba adhabu haimfunzi mtoto ila woga, lakini hasira zake zilikuwa karibu sana. Alirusha chaki. Mara moja alimpata mwenzetu kwenye paji la uso, naye akaenda akaiokota chaki mwenyewe, akasema, "Nimekukosea. Nilikuwa nimekasirishwa na mtu mwingine huko ofisini, nikakupiga wewe. Nisamehe." Mkufunzi, mtu mzima, kumwomba mwanafunzi msamaha mbele ya watu! Sisi tuliolelewa na wazee wasiokosea tulikosa pa kutazama. Tena aliogopa kuku. Kuku akiingia darasani alipanda juu ya kiti na kupiga yowe, na tulipomwomba aeleze kwa nini, akasema woga wake si kazi ya darasa. Baiskeli yake, kila ilipotoka mnyororo, aliiita mvivu.

Sasa niliseme lile. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili alipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha alipaswa kuandika uchunguzi wa mtoto. Unachagua mtoto mmoja darasani, unamwangalia wiki sita, na kila wiki unakwenda nyumbani kwao mara moja. Ziara sita, unaandika ulichokiona, kisha unamweleza mtoto kwa vigoda vyote vinne. Hizo ziara ndizo alizozisisitiza kuliko yote. Alisema mtoto tunayemwona shuleni ni kipande tu.

Mimi nilipangiwa shule moja upande wa Ushirombo. Nikamchagua Kabula, msichana wa darasa la tatu, kwa sababu alikuwa hasemi. Ukimwuliza swali anakutazama mdomoni, anatabasamu, anainama. Wakati mwingine anajibu swali ambalo hukumwuliza. Wenzake walimwita bubu. Nilipomwona tu nikasema moyoni, huyu ananifaa, huyu ni wa kigoda cha pili.

Nyumbani kwao kulikuwa ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa moja na nusu. Mvua zilikuwa zimeanza. Jumamosi ya kwanza nilikwenda mpaka kwenye maji, nikavua viatu, nikatazama. Mwanamke mmoja mwenye mzigo wa mihogo kichwani alivuka mbele yangu, na maji yalimfika magotini. Magotini tu. Nikavaa viatu nikarudi, nikawakuta walimu vijana wanacheza bao, nikacheza nao. Jumamosi zilizofuata sikufika hata kwenye maji.

Juma la mwisho nilikaa Jumapili moja, kutoka misa mpaka alasiri, nikaandika ziara zote sita. Nilitumia kalamu mbili kwa kubadilishana ili zionekane ni za siku tofauti. Ukurasa wa ziara ya tatu niliupaka tope kidogo pembeni. Nikaandika kwamba mama yake Kabula ni mkali, anaishi peke yake na mtoto baada ya kuachana na mumewe, jambo hilo nililisikia shuleni na lilikuwa kweli. Nikaandika kwamba humpiga mtoto kwa mwiko wa ugali kila anaposema bila kuulizwa, na kwamba niliyaona hayo mara mbili. Nikahitimisha kwamba kimya cha Kabula ni woga uliozikwa. Uchunguzi uliandikika vizuri mno. Nilipousoma tena machozi yalinitoka, nikamhurumia yule mtoto wa kwenye karatasi, na yule wa kweli nilikuwa sijamwuliza hata jina la mama yake.

Mkufunzi alinipa alama ya juu kuliko zote. Aliusoma mbele ya darasa. Alipofika kwenye mwiko sauti yake ilibadilika, akafunga daftari kwa muda. Nami nilikaa pale, nimeinua kidevu.

Hakuishia darasani. Alimwandikia barua mwalimu mkuu wa shule ile, kwa nia njema, akaomba yule mama azungumzwe kwa upole. Upole haukufika Ushirombo. Mama Kabula aliitwa mbele ya kamati ya shule, balozi wa nyumba kumi akiwepo, akasomewa uchunguzi wangu. Akasema hajawahi kumpiga mwanawe, na kwamba hakuna mwalimu aliyefika kwake. Wakamwuliza, mtu msomi atatunga vitu vyote hivi kwa faida gani? Habari zikawafikia ndugu wa baba yake Kabula kule Nkome, ziwani, nao walikuwa wanatafuta sababu siku nyingi. Wakaja wakamchukua mtoto. Shule ikaishia hapo.

Haya sikuyajua wakati ule. Nilihitimu, nikapangiwa shule upande wa Geita, nikaanza kufundisha. Mwaka uliofuata Mkufunzi alikwenda Ushirombo kukagua wanafunzi wengine. Akavuka lile bonde ili amsalimie Mama Kabula na kuona kama mambo yametengemaa. Alimkuta amekaa peke yake. Mama alimweleza yote, na moja zaidi: kwamba mtoto wake alikuwa anatoka usaha masikioni tangu alipougua surua, na kwamba ukitaka kusema naye lazima umshike bega kwanza.

Mkufunzi alikwenda mpaka Nkome. Alimkuta Kabula anaanika dagaa. Akasimama nyuma yake hatua tatu, akaita jina. Akaita tena. Mtoto aliendelea kuanika. Akawaomba ndugu zake ruhusa, akampeleka hospitali ya Kolandoto, wakamsafisha na kumtibu, wakasema sikio moja limekwisha na la pili limebaki kidogo, na kwamba angeletwa mwaka mmoja nyuma wangekuwa wanasema mengine.

Aliniandikia. Ilikuwa barua ya kurasa mbili, haina hata neno moja la kunilaumu. Alisema mama yule anakana ziara zangu na mwiko, lakini mzazi aliyeaibishwa mbele ya watu lazima akane, na yeye hawezi kuamini kwamba mwanafunzi aliyetembea njia ile mara sita angetunga. Kilichomtesa kilikuwa kingine. "Ulikaa nyumbani kwao mara sita," aliandika, "na wewe ni hodari kuliko wote niliowafundisha, na hukulisikia sikio bovu. Basi mimi ndiye niliyekuziba. Nimekupa vigoda vinne vya kumweleza mtoto kabla hujamtazama." Akaniuliza kama naona hivyo pia. Nilikuwa na jibu la mstari mmoja, nalo lingemwondolea mzigo wote. Sikumjibu. Miezi michache baadaye nikasikia ameacha saikolojia, ameomba apewe kipindi cha kilimo. Wenzake walimsihi, wapi. Alifundisha wanafunzi kupanda karanga kwa mstari mpaka alipostaafu.

Nimejaribu mara nyingi kujieleza. Naweza kusema nilikuwa nimezoea kupigiwa makofi. Naweza kusema niliogopa, au nilitaka kuheshimiwa. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalonipunguzia.

Nilimwona tena miaka ya themanini, nilipokuwa mwalimu mkuu. Nilikuja Shinyanga kwenye semina ya wiki mbili, na Jumatano moja mchana nikapanda gari mpaka Tinde, kwake. Sijui nilijiambia nakwenda kufanya nini. Nilimkuta barazani anapukuchua karanga, nywele zote nyeupe.

"Shikamoo, Mkufunzi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu! Huyu ni nani? Hebu sogea." Akanitambua kwa sauti. Akaniletea matobolwa, yale makavu ya viazi yaliyochemshwa na karanga, akanitazama nakula. Kisha akasema, "Afadhali umekuja. Nilitaka kukuomba radhi kabla sijafa."

"Mimi? Kwa lipi?"

"Kwa yule mtoto. Nimekubebesha. Najua hukunijibu kwa sababu nilikuumiza. Ulikuwa kijana, umetembea juani na mvuani kwa ajili yangu, halafu nakuandikia barua kwamba ulikuwa kiziwi kuliko mtoto mwenyewe."

Ningeweza kusema, yamepita, Mkufunzi, tusamehe tu. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini macho yake yalikuwa yamelowa, nami nikasema, "Sikwenda."

"Hukwenda wapi?"

"Kwa Mama Kabula. Sikwenda hata mara moja. Niliandika yote Jumapili moja, mezani."

Mikono yake iliacha karanga. Akatazama uani. Nilingoja anirushie kitu, na ningeshukuru.

"Na huyo mama wa mwiko?" akauliza. "Nilimwona kabisa. Namna anavyousuuza mwiko kwanza kabla ya kupiga. Huyo hatungwi. Ni nani?"

"Ni mama yangu," nikasema. "Mama yangu mzazi."

Kabla ya dakika ile sikuwahi kulisema hilo, hata kwa nafsi yangu. Nilihitaji mama wa kuandika, nikaandika niliyemjua.

"Pole," akasema. Alimaanisha, na ndiyo iliyonichoma zaidi. Halafu akajifuta mikono kwa khanga, na sauti yake ikawa ile ya darasani. "Mimi nimeshakusamehe la kwangu. Ulinifanya niogope kazi yangu miaka yote hii, nimekusamehe. La Mama Kabula siwezi kulisamehe, si langu. Yuko hai. Mtoto ameolewa huko huko Nkome, anamwona mama yake Noeli kwa Noeli. Na watu wa kijiji mpaka leo wanamwita mama wa mwiko. Jumamosi tunakwenda, mimi na wewe. Basi la Kahama linapita hapa asubuhi, huko tutapata gari la Ushirombo. Utasema mwenyewe, mbele ya balozi."

"Nitakuja, Mkufunzi. Nitapandia Shinyanga, nitakuwekea nafasi."

Alinisindikiza mpaka barabarani. Alikuwa amenishika mkono, anatembea wepesi kama msichana, anazungumza juu ya vitabu ambavyo angevitoa sandukuni. Alisema pengine zile namna nne hazikuwa na kosa. Pengine hata yeye hakuwa na kosa kubwa sana.

Jumamosi niliamka mapema, nikanyoa ndevu, nikaenda stendi. Basi lilikuwapo. Utingo aliita Kahama, Kahama, akaniuliza kama naenda, nikamwambia nasubiri mtu. Nikanunua gazeti. Nilisoma ukurasa mmoja tangu basi linapakia mizigo mpaka lilipowasha na kuondoka. Sikuumwa, sikupata dharura, hakuna aliyenizuia. Nilikuwa nafikiria balozi ataniangaliaje, na walimu wa Ushirombo watanisemaje, na mimi ni mwalimu mkuu.

Barua yake ilinifikia Geita baada ya wiki mbili.

"Mwanangu, nilikutafuta ndani ya basi kiti kwa kiti, nikadhani umeugua. Nilikwenda. Mama Kabula alimwita balozi, nami nikawaeleza yote, la Jumapili na la mezani. La mama yako sikulisema, hilo ni lako. Balozi aliinama. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru kwa kumfikia. Kisha akaniuliza, mwalimu mwenyewe mbona hakuja? Nilifundisha watu miaka mingi jinsi ya kueleza kwa nini mtu anafanya jambo. Nilikaa pale, sikupata la kumwambia. Anasema hana haraka. Atakungoja."

Mkufunzi alifariki mwaka uliofuata. Mazishini nilikwenda, na nilipoombwa kusema neno kwa niaba ya wanafunzi wake, nilisema vizuri sana, na watu walilia. Ushirombo sijaenda.